Aliyeajiriwa na Shangazi Samruai

Nauza barafu katika soko la maua la Pak Khlong, hapa Bangkok, na kibanda changu kimepakana na cha Shangazi Samruai, kwa hiyo matusi yake yote huyapata mimi kwanza yakiwa bado ya moto. Yeye hutunga makoja ya asmini: ya kuweka mbele ya Buddha, ya kuning'iniza ndani ya magari, ya kuwavisha maharusi. Koja la jirani halijawahi kumpendeza. Akipita kwa Bi Wilaiwan, mtunga makoja wa upande wa pili wa njia, humuuliza, "Mwanangu, hilo ni koja au kamba ya kufungia mbuzi?" Kisha hucheka peke yake mpaka ashike mbavu.

Mwaka jana macho yakaanza kumtupa mkono. Maua aliyajua kwa vidole, hayo hayakumsumbua. Taabu ilikuwa tundu la sindano. Daktari alimbadilishia miwani, wapi, tundu likaendelea kumkimbia. Ikabidi nimtilie uzi mimi, nikijifanya nimeleta barafu, na vidole vyangu mwenyewe vimekufa ganzi kwa baridi.

"Ukimwambia mtu," alinionya, "nitakuzika ndani ya barafu yako."

Nilimwelewa. Soko likijua, wateja wa harusi wangehamia kwa Bi Wilaiwan, na Samruai angepelekwa kwa mwanawe huko Nonthaburi akatazame televisheni. Lakini kazi ilimzidi, alihitaji msaidizi, na msaidizi hukaa ubavuni pako kutwa nzima. Angeona tu.

Basi kila aliyekuja kuomba kazi alitiwa kasoro. Akija aliyesomea, Samruai huninong'onezea kwa sauti ili mwenyewe asikie: "Wa chuo huyo. Atanichorea ua ubaoni." Akija mzoefu ndiyo kabisa. "Huyu kazeekea sokoni. Anajua mpaka kuficha waridi la jana katikati ya mapya. Kwanza umng'oe aliyoyazoea, na mimi si daktari wa meno."

Siku moja nikachoka. "Shangazi, wa chuo humtaki, mzoefu humtaki. Unamtaka nani?"

"Kipofu," akasema. "Tuwe wawili."

Nikacheka, halafu nikajisikia vibaya.

Phitsamai alikuja asubuhi yenye wateja wengi, ndiyo maana hakufukuzwa. Mwanamke wa makamo hivi, ameacha kushona viwandani akaenda chuo cha ufundi kusomea maua. Samruai akampa majaribio ya siku chache. Mikono yake ilikuwa mizito, na koja la kwanza lilipinda.

"Chuoni walikufundisha kutunga au kusali?"

"Vyote, Shangazi. Ukiona nilivyotunga utajua nilisali sana."

Samruai akabana midomo asicheke, akashindwa.

Mchana mteja akasubiri koja la harusi, nami nilikuwa nimebanwa na wateja wangu. Samruai akahangaika na uzi, anaulowesha, anausokota, anaulaani. "Nyuzi za siku hizi hazina adabu," akasema. Phitsamai alimtazama mara moja tu, akarudi kwenye maua yake. Nikaogopa ameona.

Kesho yake alifika kabla yetu. Sindano zote ndefu za kutungia makoja alikuwa amezitia uzi, akazichomeka kwenye kipande cha mgomba karibu na mkono wa kulia wa Samruai.

"Nini hii?"

"Chuoni tulilazimishwa, Shangazi. Sindano zote zitiwe uzi kabla ya kuanza, la sivyo hupewi maua. Nimeshazoea."

"Afadhali wamewafundisha kitu kimoja," akasema Samruai, akachomoa sindano.

Ikawa hivyo kila siku. Mimi nikarudi kwenye barafu yangu kwa raha, na makoja yakatoka kama zamani. Hata Bi Wilaiwan akaanza kutukanwa upya.

Halafu akaja mwalimu wa Phitsamai kununua asmini, nami na domo langu nikamsifia ile sheria ya sindano.

"Sheria gani?" akashangaa. "Kwetu kila mtu hutia uzi akihitaji. Nani kakudanganya?"

Samruai alikuwa palepale, amesikia kila neno. Nikatamani ardhi inimeze. Mwalimu akalipa akaondoka, na Phitsamai akabaki ameinama, masikio yamemwiva. Samruai alimaliza koja lake bila haraka.

"Phitsamai. Kesho usije kwenye majaribio."

Mikono ya Phitsamai ikasimama.

"Njoo kazini. Umepata."

Phitsamai hakuamini. Akafungua mkoba haraka haraka, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri. "Shangazi, hata cheti changu hujakitazama."

"Kirudishe," akasema Samruai, kwa sauti ileile anayotukania watu, soko zima likageuka. "Mimi sioni."