Mwalimu Karudi Semina

Mpangaji wangu hapa Mjimwema ni mwalimu wa ushauri nasaha shuleni. Vidole vyake havitulii, na sauti yake ina haraka; kila jioni hunimwagia pole na mawaidha. Juzi alirudi kutoka semina Makambako, akakaa nami jikoni, kiganja mdomoni.

“Babu, wametufundisha kunyamaza.”

“Utaweza wewe?”

Akacheka, kisha kimya. Ukungu ukaingia polepole, hata moto ukaonekana kama uko mbali. Tangu tumzike mke wangu, jina lake lilikuwa limenikwama kooni. Nikasikia mtu anasema, “Oktavia.” Kumbe ni mimi. Basi nikaendelea kumsimulia. Mwalimu aliinuka mara moja tu, kuongeza kuni.