Njia ya Kuzungukia Ng'ambo

Ngollo hakumwamini mtu yeyote anayeelekeza watu njia bure. Yeye aliswaga gari la ng'ombe, akileta karanga sokoni Tabora kutoka upande wa Nzega, na machoni pake kila jambo lilikuwa na mtu nyuma yake anayekula.

Enzi hizo za Waingereza barabara ya soko ilikuwa haipitiki. Malori ya pamba, baiskeli, magari ya ng'ombe, kila mmoja anataka apite yeye kwanza. Ndipo akaletwa Kondo, askari Mzaramo aliyewahi kupunguza msongamano Dar es Salaam, kule karibu na bandari. Akaamuru malori yapite katikati, magari ya ng'ombe yazungukie mtaa wa Ng'ambo.

Ngollo akanusa jambo. Kwa nini Ng'ambo? Nani anawavizia huko azinunue karanga kabla hazijafika sokoni? Mbona askari alionekana akinywa kahawa barazani kwa Ghalibu, mwenye duka huko huko? Lakini dawa alikuwa nayo. Mnyamwezi kama yeye na Mzaramo ni watani tangu mababu waliposhuka pwani na misafara, na mtani hanuniwi wala haogopwi.

"Akisema zungukeni, chekeni," aliwaambia wenzake. "Huyo ni mtani wetu. Hapo hakuna amri."

Basi wakacheka. Kondo akipuliza filimbi, wanamwita mla nazi na kumpita. Msongamano ukazidi.

Siku moja ya soko Ngollo aliingia mjini bila karanga. Juu ya majani, ndani ya gari, alilala mkewe Tekla. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana na mtoto hatoki, na hospitali iko upande wa pili wa soko. Kondo alimkimbilia, akamsihi azungukie Ng'ambo, njia ni nyeupe. Ngollo alimtazama kwa jicho la pembeni. Hata leo? Alihisi analipiziwa kisasi, akawachapa ng'ombe kwenda moja kwa moja.

Katikati ya soko alikwama. Mbele magari, nyuma magari. Kondo alimfuata kwa miguu, akipita gari hadi gari.

"Fungueni njia, kuna mzazi anakufa!"

"Mtani," akajibu Raymundi, mwenye gari la mbele, "leo umetuulia nani tena?"

Barabara nzima ikaangua kicheko. Ngollo alisimama juu ya gari akaapa kwamba ni kweli, nao wakadhani naye ameingia kwenye mzaha. Walinyamaza Tekla mwenyewe alipopiga ukelele. Hapo wakafungua ng'ombe, wakasukuma magari kando kwa mikono, Kondo akitangulia.

Tekla alipona. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa.

Kondo alikuja mazikoni. Desturi inamtaka mtani atanie hata kaburini, ili wafiwa wapate kupumua. Ngollo alimngojea, akitamani atukanwe, aitwe mjinga mbele ya watu wote. Kondo alitupia udongo wake, akavaa kofia, akaondoka bila kusema neno.