Ukurugenzi Niliodhani ni wa Heshima Tu

Kosa langu ni kupenda cheo nisichokuwa tayari kukitumikia. Nalitamka mapema, msomaji, usije ukanihurumia kabla ya wakati.

Mimi ni mwalimu wa miaka mingi hapa Ilala. Nimewakemea wanafunzi, wazazi, hata majirani: usitie saini usichokisoma! Basi jirani yangu, nimwite Shabani, muuza vifaa vya umeme Kariakoo, akataka kusajili kampuni. Akanijia na maneno matamu.

"Mwalimu, wakurugenzi tuwe wawili. Kazi zote zangu. Wewe tunataka jina tu, lina uzito."

Nikakumbuka kamati zetu za harusi. Mtu mzima huwekwa mwenyekiti, husimama akapigiwa makofi, akaketi. Vijana ndio wanaohangaika na ukumbi na wapishi. Nikadhani kampuni nayo ni hivyo. Nikatia saini bila kusoma hata ukurasa mmoja. Mimi!

Tena nikachapisha kadi zenye cheo changu. Nilizigawa hata misibani, Mungu anisamehe, na nyingine nikaziacha dukani.

Kadi hiyo ndiyo iliyomleta Mama Rehema, mama lishe wa Mchikichini, hadi barazani kwangu, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Birika la umeme alilonunua kwetu liling'oka kishikio, maji ya moto yakammwagikia.

"Pole sana, mama. Ila mimi ni mkurugenzi wa heshima tu."

"Heshima ndiyo iliyoniunguza, baba? Na mengine yamepangwa pale pale, watu wananunua!"

Nikamkimbilia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni wakili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nataka kujiuzulu ukurugenzi leo leo."

"Utajiuzulu, lakini ya jana hayafutiki. Sheria haina mkurugenzi wa pambo. Ukikubali cheo, umekubali na wajibu: kujua kampuni inauza nini, kuhoji, kukataa. Uliwahi kuuliza kama mabirika yale yalikaguliwa?"

"Sikuuliza."

"Loo, mwalimu! Wewe uliyetuchapa kwa kutosoma maelekezo ya mtihani?" Alicheka, kisha uso ukabadilika. "Usiondoke kwanza. Mkurugenzi ana mamlaka. Yatumie kabla hajaungua mwingine."

Jioni ile tulikwenda dukani pamoja. Kwa mara ya kwanza nikafanya kazi ya cheo changu: nikaagiza mabirika yote yashushwe rafuni, na wakaguzi waandikiwe barua. Shabani alifoka mbele ya wateja.

"Mwalimu, umenigeuka! Si tulikubaliana jina tu?"

Ndivyo tulivyokubaliana, kwa aibu yangu.

Leo Shabani hanisalimii. Nimeitwa kutoa maelezo, na sijui yataishia wapi. Hayo nayastahili. Lakini Mama Rehema bado hawezi kushika mwiko, naye hakukosea lolote ila kutuamini!

Enyi wenzangu wenye mvi na majina mazito, mkiletewa ukurugenzi kama sahani ya pilau, ulizeni kwanza nani atakayeumia mkilala usingizi. Kama hamna nafasi ya kuhoji, kataeni. Makofi mtayapata harusini.

Hadi leo sijasikia mtu wa pili aliyeungua. Sifa hiyo si yangu. Ni ya wakili yule, ambaye ameniruhusu nimtaje: Zuhura.