Nilivyoliombea Darasa la Simu

Ule mwaka bei ya unga ilipanda, tukala ngwaci, viazi vitamu, asubuhi na jioni, ndio mjukuu wangu Wanja alianza kusoma Kiingereza kwa simu hapa kwangu Kiganjo. Mwalimu yuko kwake Ruiru, na kila mtoto yuko kwao.

Kwangu hakuna kitu huanza bila maombi, hata kunyonyoa kuku. Siku hiyo Wanja alipoenda kunawa uso, nilifunika simu na leso ili maneno ya nyumba yabaki ndani ya nyumba, nikaomba kwa sauti. Nilimwambia Mungu ampe Wanja kichwa, ampe mwalimu bwana kwa sababu amekaa sana bila kuolewa, na amhurumie Brayo wa jirani anayesoma naye, maana huyo hata “good morning” inamshinda.

“Amina,” simu ikasema. Halafu watoto wote wakaitikia, “Amina.”

Wanja alirudi mbio akatoa leso, machozi yanamtoka. “Cucu, mamake Brayo amesikia yote. Sema pole, ama sisomi tena.”

Mwalimu naye akasema, “Cucu, hebu yaondoe hayo maneno.”

“Maombi nikishapeleka sirudishi.”

“Cucu, tafadhali.”

“Maombi nikishapeleka sirudishi.”