Mwenyekiti Asiyesimama

Nelius akisimama, moyo wake hukimbia kama umechelewa matanga. Akiketi, unatulia. Akilala, ni mzima kabisa, anaweza hata kukusengenya hadi jioni. Daktari wa Embu aliuita ugonjwa huo POTS. Mama mkwe wake, kwa Kiingereza chake kidogo, akauliza ni sufuria zipi tena hizo zinazoangusha watu.

Dawa yake ni maji mengi, soksi ndefu za kubana, na chumvi. Chumvi! Hapa Ishiara wengi wetu tumekatazwa chumvi kwa ajili ya presha, mwanamke huyu anailamba kiganjani peupe. Mimi jirani yake nilimwonea wivu, nasema wazi.

Kilichomuuma ni kioski cha maji cha kikundi chetu. Hakina benchi wala kivuli. Unasimama juani na mtungi wako hadi ufikiwe. Nelius alianguka pale, wakammwagia maji, kisha wakamwambia arudi nyuma ya foleni. Alilia siku hiyo kwa aibu. Ndipo akaamua kuwania uenyekiti, ili aweke benchi. Gladys, mwenyekiti wetu wa miaka yote, alisema benchi litaleta uvivu.

Kura zetu ni za mlolongo: mgombea anasimama mbele, wafuasi wanajipanga nyuma yake. Na sheria yetu ni moja, mgombea akiketi, amejitoa.

Gladys aliijua vizuri. Kabla ya kuhesabiwa akaomba kusema machache, akaanza kuwataja waanzilishi wa kikundi mmoja mmoja, marehemu na walio hai, jua likiwa utosini. Nilikuwa nyuma ya Nelius. Akapishanisha miguu, akakaza mapaja alivyofundishwa hospitalini, akalamba chumvi. Shingo ikamlowa jasho. Mwishowe akaketi mavumbini kabla hajaanguka.

"Ameketi! Ametoka!" Gladys akapiga kelele.

Mzee Ndambiri, msimamizi wa kura, akainama. "Nelius, mama, umetoka?"

"Sijatoka, mzee," akasema, akihema. "Kwani leo tunachagua mwenyekiti ama mwenye kusimama?"

Ndambiri akajikuna kichwa. Hilo neno tumelitumia maisha yetu yote bila kulisikia.

Mimi niliona benchi letu linapotea, hasira zikanipanda, nikaketi nyuma yake. Magoti yangu yalishukuru. Kathambi, aliyekuwa nyuma yangu, akaketi, akavua viatu. Mstari mzima ukashuka, mtu akafungua chupa ya uji.

"Huu ni mchezo gani sasa?" Gladys akauliza, kisha akaendelea na waanzilishi. Kutoka mkiani mwa mstari wake mama mmoja akaja kuketi kwetu afunge kamba ya kiatu, hakurudi. Mwingine alikuja kumtafuta huyo. Kumbe usilolijua ni usiku wa giza: wote walikuwa wamechoka kusimama miaka hiyo yote. Gladys alipofika kwa marehemu wa mwisho, nyuma yake alibaki mumewe tu, na hata yeye alikuwa amechuchumaa.

"Huyu nimhesabu wapi?" Ndambiri akauliza.

Tulicheka hadi Gladys naye akacheka, kidogo. Nelius alitaka kuinuka kutushukuru, tukamkemea sote. Kiwanja kizima kilikuwa na kiti kimoja tu, cha msimamizi. Ndambiri akakibeba mwenyewe, akakipangusa vumbi kwa koti lake, akakiweka mbele ya Nelius.

"Mwenyekiti," akamwambia, "kiti chako."