Antena Mbili, Nyumba Mbili

Mpaka leo nikiwaona wakwe zangu sokoni Awasi najifanya nachagua nyanya, maana aibu ile niliitengeneza kwa mikono yangu na sina wa kumlaumu.

Nina wake wawili, nyumba zao zinatazamana, na katikati ya boma nilisimamisha mlingoti wenye kifaa cha intaneti cha antena mbili za kuelekeza upande mmoja. Fundi, binti mmoja kutoka Kisumu, alizielekeza zote mbili kwa mke wangu mkubwa, akaniambia, "Mzee, hizi zinafanya kazi pamoja kama masikio ya kichwa kimoja, usizitenganishe." Mimi nikaona hapo pana ugomvi (mwenye nyumba mbili hanunui sufuria moja), kwa hiyo alipoondoka tu nikapanda ngazi nikageuza moja ikatazama kwa mke mdogo.

Siku ya posa ya binti yangu Akinyi ikafika. Kijana mwenyewe yuko kazini ng'ambo, kwa hiyo wazee wake walikaa kwa mke mkubwa, kompyuta mezani, spika juu kabisa. Mjomba wake akamwuliza, "Kijana, huyu binti unamtaka kweli?" Kimya. Sura imeganda, mdomo wazi. Akauliza tena, kimya! Wazee wakatazamana, Akinyi akaanza kulia, nami nikatoka mbio na suti yangu, nikapanda ngazi mbele ya wakwe (wakwe, jamani, ambao hata kula mbele yao tunaona haya!), nikaizungusha ile antena irudi kwa mke mkubwa huku nikipigia kelele nyumba ya pili, ambako vijana walikuwa wanatazama mpira:

"Zimeni simu! Nyumba hii inaniharibia kila kitu! Heri ningeoa mmoja!"

Papo hapo spika ikafufuka: "Namtaka, mjomba, namtaka! Lakini huyo anayefoka ni nani?"

Nikatazama chini. Mke wangu mdogo alikuwa amesimama karibu na ngazi na sinia la samaki wa wageni, samaki aliowapika tangu alfajiri. Akaliweka chini taratibu. "Baba Akinyi, nimekusikia," akasema, akaingia kwake akafunga mlango.

 Mjomba wa kijana akaniita, "Mzee, shuka. Posa imepita. Wewe nenda ukabishe ule mlango."

Nilibisha mpaka wageni wakaondoka. Nilitaka kumpa haki yake ya intaneti, nikamnyang'anya heshima yake mbele ya watu. Sasa kifaa nisichokielewa namwachia fundi, na neno la hasira nalimeza hata likiwa na miiba.