Jiwe la Wanja la Bi Ghanima

Wapo watu ukiwauliza habari za mji waliozaliwa watakutajia mitaa na majumba. Bi Ghanima binti Khalifa ukimuuliza habari za Unguja atakutajia sauti. Muuza kahawa alivyogonganisha vikombe, mlango wa jirani ulivyolia siku za mvua, mama yake alivyokohoa kidogo kabla ya kusema jambo zito. Sura zimeshaanza kumpotea, na hilo analikiri mwenyewe bila ya haya, lakini masikio yake hayajasahau kitu. Sasa ni mtu mzima, mjane, anaishi na bintiye Manar kule Jaalan Bani Bu Hassan, Omani, katika nyumba yenye uwanja mpana na mitende michache nyuma. Baada ya sala ya alasiri utamkuta ukumbini juu ya mkeka, macho kayafumba, ukadhani kalala. Hajalala. Anasikiliza.

Masikio hayo ni ya urithi. Baba yake alikuwa fundi katika ofisi ya simu ya upepo, ndivyo watu wa zamani walivyoiita ile mitambo iliyopeleka habari melini bila ya waya. Na Bi Ghanima mwenyewe, alipofika Omani na mama yake, msichana mwenye kanga mbili na cheti cha skuli, alipata kazi ya opareta wa simu katika mji wa Sur. Alikaa mbele ya ubao wa matundu, akichomeka huku akichomoa kule, akiwaunganisha watu waliopotezana tangu siku za kukimbia Unguja baada ya mapinduzi. Alisikia vilio vingi vya furaha visivyokuwa vyake. Kisha zikaja mashine zinazojua kuunganisha zenyewe, naye akapewa barua ya shukrani na saa ya ukutani. Saa ilikufa mapema.

Katika vyote vilivyovuka bahari pamoja na mama yake, kimoja tu ndicho Bi Ghanima anachokithamini kuliko dhahabu: jiwe la wanja. Wanja wa manga wa kweli, si ule wa kopo la dukani. Jiwe zito, jeusi linalong'aa kama limepakwa mafuta, ambalo zamani lilijaa kiganja na sasa halizidi tende moja kubwa. Bibi yake alilisaga, mama yake alilisaga, na yeye amelisaga, kidogo kidogo, kwa kila bi harusi na kila mtoto mchanga wa ukoo. Hukaa ndani ya kijaluba cha fedha, kijaluba ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda. Siku alipozaliwa mjukuu wake Shahad, binti wa Manar, Bi Ghanima alimpaka wanja katika nyusi, akamnong'oneza kwamba kilichobaki ni chake, kwa siku ya harusi yake. Na ahadi ni deni, hata ukimwahidi mtu asiyejua kushika shingo yake.

Sasa Shahad ni msichana mrefu anayesoma uhandisi wa mawasiliano chuo kikuu Nizwa, na harusi yake imekaribia. Alhamisi moja alikuja nyumbani, akambusu bibi yake mkono na paji la uso.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Njoo ukae. Leo nataka ulione jiwe lako kabla sijalisaga."

Bi Ghanima akafungua kijaluba. Shahad hakunyoosha mkono. Alilitazama lile jiwe kama mtu anayetazama paka wa watu, hajui anauma au haumi.

"Bibi, usizaali, usikasirike. Mimi hii sitaki kuweka kwenye macho."

"Hutaki nini?"

"Hii jiwe, bibi. Ndani yake madini ya risasi. Tumepima kwenye maabara, daktora wa chuo katuonyesha. Hii sumu, wallahi. Hata watoto wa hospitali wanakatazwa. Mimi nimenunua wanja wa dukani, zein, mzuri, hauna risasi." Akaona uso wa bibi yake ulivyobadilika, akaongeza haraka, kama kwamba kutaja jina la kisomi kungepunguza uchungu: "Jina lake galena."

Neno hilo la mwisho lilianguka katikati ya ukumbi. Bi Ghanima alikuwa ameshaumia, tena sana. Jibu kali alikuwa nalo mdomoni, kwamba ukoo mzima umepakwa wanja huo na hakuna aliyepofuka. Lakini kilichotoka ni swali.

"Umesema jina lake nani?"

"Galena."

"Sema tena."

"Galena, bibi. Kwa nini?"

Alikuwa ameshafika mbali, kwenye nyumba ya ghorofa moja, Malindi ya Unguja, na sauti aliyoisikia si ya Shahad. Ilikuwa ya baba yake, mzee Khalifa, akiwa amekaa kitako sakafuni na kopo lililozungushiwa waya, akimwambia mke wake kwa upole: "Tufool, nipe kipande tu cha galena yako, kipande cha ukucha." Neno hilo Bi Ghanima hakulisikia tena kutoka kwa mtu yeyote tangu utoto wake. Alidhani ni neno la baba tu, limezikwa naye.

Basi akamsimulia mjukuu wake. Baba alikuwa akipenda kueleza redio ilivyoanza, na alieleza kama mtu anayesimulia hekaya za majini. Hapo mwanzo, alisema, hapakuwa na sauti, palikuwa na cheche tu. Mtu alirusha cheche upande huu, na upande wa pili, ndani ya kichupa, unga wa chuma ukashikana, umeme ukapita, kengele ikalia. Lakini unga ukishashikana hauachani, mpaka kichupa kigongwe ndipo kisikie tena. "Masikio ya kwanza ya redio," akisema mzee Khalifa, "yalikuwa kama ya mtoto mtukutu, kila neno lazima uyapige kibao." Kisha mwalimu mmoja Mhindi, wa Kalkata, akaona kwamba jiwe hili linasikia bila ya kupigwa. Uligusishe ncha ya waya mwembamba tu, mahali panapostahiki. Halitaki betri wala moto. Linakula mawimbi yenyewe yanayopita. Watu wakasikiliza kwa mawe miaka mingi, mpaka redio za taa, zile zinazotaka umeme, zilipokuja, na mawe yakarudi kuwa wanja.

"Na bibi mkubwa alimpa?" Shahad aliuliza. Alikuwa ameshasogea karibu, miguu kaikunja juu ya mkeka.

"Hakumpa. Baba alikimega mwenyewe, mama yupo jikoni. Pale, unaona pengo? Ebo, siku ile nyumba iliwaka! Mama akasema jiwe la macho halitiwi masikioni, na kama hilo dude litasema, liseme na mwenyewe, yeye hatalisikiliza mpaka anaingia kaburini. Baba akawa ananiita mie. Jioni ananipa kisikilizio, nasikia watu wanasema ndani ya wanja wa mama."

Baba huyo alibaki nyuma Ghanima na mama yake walipoondoka Unguja, akingojea karatasi moja ya ruhusa ambayo haikutoka, na alifariki huko huko, peke yake. Kipande kile alichokimega kilibaki naye. Bi Ghanima alilisema hilo akitazama kijaluba, kisha akalipangusa jiwe kwa upindo wa kanga. Alipofungua kinywa tena, hakuzungumza habari ya harusi.

"Nataka kulisikia tena. Kama halifai kwa macho, basi nataka nijue kama linafaa kwa kitu. Lisije likafa bure mikononi mwangu."

Hilo ndilo lililomkaa rohoni. Si wanja. Alikuwa akiogopa kwamba kitu pekee alichokuwa nacho cha kurithisha hakina tena wa kukirithi.

Juma lile lote alilipitisha kama yumo usingizini. Alifungua panka bovu lililokuwa likipepea ukumbini, akatoa waya wake mwembamba wa shaba, akauzungusha kwenye kopo la maziwa ya unga, mzunguko kando ya mzunguko, kama baba yake alivyokuwa akifanya, na alikuwa akijikuta ameacha mikono ikiendelea huku yeye yuko Malindi anahesabu ngazi. Manar, bintiye, akapita na sinia la mchele. Manar ni mwanamke wa kazi, muajiriwa wa baladia, halmashauri ya mji, na wakati huo alikuwa na harusi kichwani, wageni kichwani na mapishi kichwani.

"Mama, watu wanashona nguo, wewe unashona kopo?"

"Kila mtu na harusi yake," akajibu Bi Ghanima.

Ijumaa iliyofuata Shahad alikuja na kisikilizio kidogo cha sikio moja, cha aina ya zamani, alichokiagiza kwa ajili hiyo. Akapanda juu ya sakafu ya paa, akafunga waya mrefu, akaupeleka mpaka kwenye mtende wa mwisho. Waya wa pili wakauchomeka ardhini, kwenye tope la shina la mtende, ambapo zamu yao ya maji ya falaji, mfereji wa mashamba, ilikuwa imepita asubuhi ile. Kwa upande wa bahari, mbali, iko minara mirefu inayorusha mawimbi ya kati, na Shahad alisema kama jiwe lina sikio litasikia minara ile kabla ya kitu kingine. Walikaa chini ya dirisha. Jua lilikuwa la manjano, na vumbi lilielea ndani yake polepole kama halina haja ya kufika popote.

Bi Ghanima akatia kisikilizio sikioni, akashika ile ncha ya waya kwa vidole viwili, akaanza kuligusa jiwe. Hapa. Hapana. Pale. Hapana. Akaligeuza. Akajaribu na lile pengo la baba. Kimya, kimya kizito kama cha kisima kikavu. Alihangaika, kisha akampa Shahad waya, naye hakupata kitu.

Shahad akalichukua jiwe, akalipeleka kwenye mwanga.

"Bibi, juu yake imekufa. Mafuta, mikono, miaka mingi. Lazim tupate uso mpya." Alisita. "Lazim tulivunje."

Bi Ghanima akalinyakua jiwe, akalifumba kiganjani. Kulivunja! Tende moja tu iliyobaki ya mama yake, na mama yake alikaa miaka bila ya kusamehe ukucha mmoja. Na kama likivunjika likawa vumbi, na bado lisiseme? Hapo hatakuwa na wanja, hatakuwa na jiwe, hatakuwa na kitu. Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza siku ile aliogopa kweli.

Na ndani ya macho yaliyofumbwa akamwona mama. Alikuwa amesahau kabisa, au hakupata sababu ya kukumbuka. Yeye mdogo, anarudi kutoka chuoni mapema, msahafu kifuani, kwa sababu mwalimu anaumwa. Baba yuko kazini. Na mama, Bi Tufool, aliyeapa mpaka kaburini, amekaa sakafuni mbele ya lile kopo, kisikilizio sikioni, wanja machoni, anatabasamu peke yake kama msichana. Alipomwona mtoto mlangoni hakustuka. Aliweka kidole mdomoni, basi. Na Ghanima hakumwambia mtu, wala baba, wala mumewe, mpaka siri yenyewe ikalala.

"Mama alisikiliza," akasema kwa sauti. "Shahad, mama yangu alisikiliza!"

Akaliweka jiwe juu ya kizingiti, akachukua kisu cha kukatia nyama, akakisimamisha juu yake. "Bismillahi," akasema, akagonga mara moja kwa mchi.

Halikuwa vumbi. Lilipasuka vipande viwili, sawasawa, kama linajua pa kupasukia, na ndani yake lilikuwa na vioo vidogo vya mraba, vyeupe kwa kung'aa, ambavyo hakuna mkono uliowahi kuvigusa. Bi Ghanima akagusisha ncha ya waya kwenye kioo kimoja. Akaisogeza kidogo. Akaisogeza tena.

Kisha mkono ukasimama.

Shahad alimtazama usoni. Machozi yalikuwa yakimtoka bibi yake bila ya kelele, yakishuka kwenye mashavu, naye hayafuti, kwa sababu mkono mmoja uko kwenye waya na wa pili sikioni. Halafu, taratibu, bila ya kutikisa jiwe, akainamisha kichwa na kukipeleka kisikilizio kwenye sikio la mjukuu wake.

Palikuwa na mtu humo ndani. Mwanamume, sauti yake nyembamba na mbali mno, anasoma jambo refu bila ya haraka. Msichana aliyeyasoma mawimbi kwenye vitabu na kuyapigia hesabu mpaka akachoka alifungua kinywa wazi kama mtoto.

"Hakuna betri," akanong'ona. "Bibi, hakuna betri kabisa." Akasikiliza tena. "Lugha gani hii? Anasema nini?"

"Sijui, mwanangu. Hata kule Malindi sikuwa najua."

Manar akaita kutoka jikoni, kuna mtu wa maua mlangoni. Shahad alikuwa akikitazama kile kipande cha pili kilicholala kizingitini, kinameta kwenye jua la mwisho.

"Bibi. Ile uliyoniahidi. Nataka."

"Si uliikataa wewe?"

"Nilikataa kwa macho."

Bi Ghanima alicheka, kicheko cha kutoka tumboni, jiwe likatikisika na yule mtu wa mbali akapotea. Akachukua kile kipande, akakitia kwenye kiganja cha Shahad, akavifumba kimoja kimoja vidole vyake vitano. Kisha akanyoosha mkono.

"Haya, nirudishie kisikilizio. Zamu yangu hii."